Zulia la 100 na zulia la 155: lipi litakutoa fedha nyingi?

Duka moja linauza zulia kwa 100 kwa mita ya mraba. La pili linauza kwa 155, na chini ya bei wameandika kwa herufi kubwa: sponji na ufundi bure, yaani sponji inayowekwa chini ya zulia na kazi ya fundi wa kulitandika. Namba hizi ni za mfano tu, wewe weka fedha unayotumia. Wengi huelekea duka la kwanza moja kwa moja. Wanazidisha urefu wa chumba kwa upana, wanaona wameokoa theluthi ya fedha, wanalipa. Ankara kamili inakuja baadaye, zulia likiwa limeshakatwa na halirudishiki.

Mimi naona bei ya kwenye kibandiko haina maana ikilinganishwa na kibandiko kingine. Linganisha chumba kilichokwisha kutandikwa, mlango unafunguka vizuri na taka zimeondolewa. Ukishapata hesabu hiyo, igawe kwa miaka ambayo zulia litakaa kabla hujalichoka au halijakuaibisha mbele ya wageni. Twende na hayo maduka mawili tuone.

Wanapima kwa kipimo kimoja?

Zulia huuzwa kwa futi ya mraba, kwa yadi ya mraba, kwa mita ya mraba, au kwa mita ya urefu inayokatwa kwenye jora. Zulia lile lile likiwa 10 kwa futi ya mraba ni 90 kwa yadi ya mraba na karibu 108 kwa mita ya mraba, kwa sababu yadi ya mraba ina futi 9 za mraba na mita ya mraba ina futi 10.76. Mita ya urefu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Ukitajiwa 400 kwa mita kwenye jora la upana wa mita 4, hiyo ni 100 kwa mita ya mraba. Ukitajiwa 400 hiyo hiyo kwenye jora la mita 3.66, umefika 109. Muuzaji hajadanganya hata mmoja. Uliza upana wa jora kabla hujauliza punguzo.

Jora lina upana wake, chumba kina wake

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Mazulia ya ukuta hadi ukuta hutengenezwa kwa upana maalumu: futi 12 (mita 3.66) ni upana wa kawaida sana, na kuna majora ya mita 4 na mita 5. Fundi hawezi kulivuta zulia lifike ukutani. Chumba kikizidi upana wa jora hata kwa shibiri moja, pengo lazima lizibwe kwa kipande kingine, na kipande hicho unakilipia.

Chukua chumba cha mita 4.2 kwa 3.9. Eneo lake ni mita za mraba 16.38, na hiyo ndiyo namba wanunuzi wengi huenda nayo dukani.

Kwenye jora la mita 4, fundi anakata urefu wa mita 4.3, ile sentimita 10 ya ziada ikiwa ya kurekebisha kingo. Mita 4 kwa 4.3 ni 17.2. Pande limekuwa moja, halina kiungio, mabaki ni kidogo.

Kwenye jora la mita 3.66, anakata urefu ule ule wa 4.3, anapata mita za mraba 15.74, na bado kuna pengo la sentimita 24 ukuta mzima. Kuliziba kwa ukanda mmoja mrefu angelazimika kukata tena mita 4.3 za jora, kwa maana manyoya ya ukanda yanapaswa kulala upande ule ule yanaolala ya pande kubwa. Yakilala vingine, rangi inaonekana tofauti hata kama zulia ni moja. Fundi mwenye huruma na mfuko wako atakata mita 1.1 tu, atachana humo vipande vinne vyembamba na kuviunga kimoja baada ya kingine. Mita 1.1 kwa 3.66 ni 4.03. Jumla inafika 19.77, na sasa una kiungio kirefu kando ya ukuta na viungio vidogo vitatu vya kukatiza.

Kwa hiyo chumba kimoja kinahitaji 17.2 kwa jora hili na 19.77 kwa jora lile. Tofauti ni kama asilimia 15. Usidhani jora pana zaidi ndilo dawa: kwa chumba hiki jora la mita 5 lingekula mita za mraba 20 kamili hata ukiligeuza upande unaofaa, kwa kuwa upana unaozidi unakatwa na kubaki mikononi mwako.

Sasa rudi kwenye maduka yetu. Duka la kwanza lina jora la 3.66, sponji wanatoza 30 kwa mita ya mraba na ufundi 25. Jumlisha 100 na 30 na 25: ni 155. Kumbe bei zilikuwa sawa tangu mwanzo, ila moja imevuliwa nguo na nyingine imevaa. Duka la pili lina jora la mita 4.

| | Duka la 100 (jora 3.66) | Duka la 155 (jora 4) |
|---|---|---|
| Zulia linalokatwa | 19.77 m² | 17.2 m² |
| Fedha ya zulia | 1,977 | 2,666 |
| Sponji, 16.38 m² | 491 | imo |
| Ufundi, 16.38 m² | 410 | imo |
| Jumla | 2,878 | 2,666 |
| Viungio | vinne | hakuna |

Lililoonekana ghali limekuwa nafuu kwa 212. Badili vipimo vya chumba na matokeo yatageuka: chumba cha 4.2 kwa 3.5 kingeingia kwenye jora la 3.66 bila kiungio, kikila 15.74, wakati jora la mita 4 bado lingekula 17.2 kwa urefu ule ule. Ndiyo maana sikuambii duka la "bure" ni bora. Nakuambia uende na mchoro wa chumba wenye vipimo, uonyeshe mlango ulipo, kisha umwombe muuzaji akuchoree jinsi atakavyokata. Akikwepa kuchora, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kama zulia lina maua au mistari ya kulinganishwa, ongeza mabaki, maana kila kipande lazima kisogezwe mpaka picha zikutane. Picha inayojirudia kila sentimita 60 inaweza kukupotezea karibu urefu huo kila unapounga. Ngazi nazo zina hesabu yake. Kidato chenye kina cha sentimita 26 na kimo cha 18 kinakula sentimita 44 kabla hujahesabu ile pua ya mbele, na mafundi wengi hutoza kwa kidato wala si kwa mita.

Nailoni, poliesta, polipropilini, sufu

Baada ya vipimo, kinachopandisha na kushusha bei ni uzi. Mpangilio wa kawaida, kutoka chini kwenda juu, ni polipropilini, poliesta, nailoni, halafu sufu. Swali la maana ni unachonunua kila unapopanda daraja.

Nailoni inanunua uwezo wa kunyanyuka. Ukikanyaga zulia la nailoni kwenye njia ya kila siku, manyoya yanasimama tena kuliko ya poliesta ya uzito ule ule. Poliesta ni laini, inang'aa, inashika rangi za kupendeza dukani, na ukiipapasa kwa kiganja utaipenda kuliko nailoni. Tatizo lake huja baadaye: hailiki, inalala. Korido inaota njia iliyobonyea, na hakuna shampuu inayoinyanyua.

Kwenye madoa mambo yanageuka, na sababu imo ndani ya uzi wenyewe. Katika hewa ya kawaida nailoni hufyonza unyevu wa takriban asilimia 4 ya uzito wake, poliesta chini ya nusu asilimia, polipropilini karibu na sifuri. Uzi unaokubali maji unakubali pia rangi iliyo kwenye maji, hivyo kinywaji chenye rangi kikimwagika, nailoni isiyotiwa dawa ya kuzuia madoa itaumia kuliko poliesta. Kwa mafuta ni kinyume: poliesta na polipropilini hupatana na mafuta, na ule weusi wa miguu mitupu na jikoni hung'ang'ania humo. Nyumba yenye watoto wanaomwaga vikombe na nyumba yenye korido ndefu hazihitaji uzi mmoja.

Polipropilini ndiyo ya bei ya chini kabisa. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi za Selsiasi, kiasi kidogo kwa uzi wa zulia, na msuguano wa kuburuta kabati zito unaweza kuacha mstari unaong'aa usiofutika. Kwa kibaraza kilichoezekwa au chumba cha chini chenye unyevunyevu inafaa sana, tena rangi yake kwa kawaida imechanganywa kwenye plastiki kabla uzi haujavutwa, kwa hiyo haichuji kwa urahisi. Ukitaka sifa hiyo kwenye nailoni au poliesta, uliza kama uzi ulitiwa rangi tangu ukiwa bado uji, au zulia lilichovywa baada ya kufumwa. Uzi uliotiwa rangi ukiwa uji unafanana na karoti, rangi hadi ndani. Uliochovywa unafanana na figili, ngozi nyekundu na moyo mweupe.

Sufu haina mbadala kwa anayeipenda. Inanyanyuka vizuri, inaficha vumbi, haishiki moto upesi, na inapovuta unyevu wa asilimia 16 hivi bado huioni imelowa. Bei yake ni ya juu na ina maadui: nondo, dawa za kuchubua rangi, na sabuni kali. Miezi ya mwanzo hutoa vumbi la nyuzi mpaka mtu akadhani ameuziwa bovu. Si bovu, itakoma. Wasioweza kulipia sufu tupu hutafuta mchanganyiko wa asilimia 80 sufu na 20 nailoni, ambao kwa ngazi na korido naona una akili kuliko sufu peke yake.

Uzito unaotajwa na unene unaouona

Muuzaji atakwambia zulia lake ni zito. Muulize uzito wa manyoya au uzito wa zulia zima pamoja na mgongo wake, maana gundi na mgongo ni mizigo isiyokanyagwa. Hata ukipata uzito wa manyoya, haujakuambia kitu mpaka uugawe kwa urefu wao. Zulia la gramu 1,200 kwa mita ya mraba lenye manyoya ya milimita 10 lina gramu 120 kwa kila milimita; lenye gramu 1,200 hizo hizo na manyoya ya milimita 16 lina 75. La pili linaonekana nene na la kifahari zaidi pale dukani. La kwanza ndilo litakalosimama.

Huhitaji mizani. Chukua sampuli, ikunje kwa nje kama unafungua kitabu kinyume, uangalie mstari wa mkunjo. Ukiona mgongo wa zulia waziwazi katikati ya mistari ya nyuzi, manyoya yako mbalimbali na yatalala. Kisha tazama ncha ya uzi mmoja: ikiwa msokoto umebana mpaka mwisho, vizuri, ikiwa ncha imefumuka na kutawanyika, zulia litasokotana na kuwa na sura ya uzee mapema. Dakika mbili hizo zina faida kuliko brosha nzima.

Manyoya ya vitanzi visivyokatwa huvumilia kukanyagwa kuliko yaliyokatwa, na mara nyingi ni nafuu. Kasoro yake ni kwamba kitanzi kimoja kikinaswa na kucha ya paka au msumari wa kiti, uzi unaweza kufumuka mstari mzima. Vigae vya zulia, kwa kawaida sentimita 50 kwa 50, huuzwa ghali kidogo kwa mita ya mraba ila mabaki yake ni machache na kigae kilichoharibika hubadilishwa peke yake. Kwa chumba cha kulala sivipendi. Kwa chumba cha kazi, kwa nini isiwe?

Sponji: usiihesabu kama nyongeza

Hiki ndicho kipengele ambacho maduka hupunguza ili bei ishuke, nacho ndicho kinachoamua zulia litaishi muda gani. Mnunuzi huminya sponji kwa vidole, akachagua nene na laini. Kosa. Sponji laini kupita kiasi hufanya zulia lizame na kunyanyuka kila hatua, mgongo unachoka, viungio vinaachana, na pale pembeni zulia linachomoka kwenye vibao vya misumari vinavyolishika kando ya ukuta. Kwa nyumba, unene usizidi milimita 11, na kwa zulia la vitanzi shuka zaidi.

Cha kuangalia ni ujazo ulivyoshindiliwa. Sponji ya vipande vilivyoshindiliwa pamoja, ile ya rangi mchanganyiko, hutajwa kwa pauni kwa futi ya ujazo: 6 hadi 8 ni ya kuaminika, yaani kama kilo 96 hadi 128 kwa mita ya ujazo. Sasa rudi kwenye lile duka la "sponji bure" na uwaulize namba. Wakikupa ya 4, toa kwenye bei yao gharama ya kununua nzuri sehemu nyingine, halafu ulinganishe upya. Inawezekana lile duka la 2,666 likapoteza ushindi wake hapo.

Miaka ndiyo mgawanyo

Tuseme poliesta ni 100 na nailoni ni 180. Kwenye vibandiko tofauti ni asilimia 80, na hapo wengi hukata tamaa. Ila sponji na ufundi ni 55 kwa zote mbili, kwa hiyo ulinganisho halisi ni 155 na 235, yaani kama asilimia 52. Weka zote mbili kwenye korido, na tukadirie poliesta itachakaa kwa miaka 6 na nailoni kwa 12. Poliesta inakugharimu karibu 26 kwa mwaka kwa kila mita, nailoni chini ya 20. Na mwaka wa sita utalipa pia kung'oa la zamani na kuhamisha samani tena.

Weka zote mbili kwenye chumba cha wageni kinacholaliwa mara chache, hesabu inapinduka. Hakuna atakayeichakaza poliesta humo. Utabadilisha kwa sababu umechoka na rangi, na ukichoka na rangi, nailoni ya 180 itatupwa ikiwa bado nzima. Kununua uzi mmoja wa bei kubwa kwa nyumba yote ni ufahari, na ufahari si vibaya, mradi ujue unaulipia. Aliyebanwa na bajeti aweke nailoni kwenye ngazi, korido na sebule, vyumba vya kulala avipe poliesta iliyosongamana.

Yanayojitokeza kwenye ankara

Kung'oa zulia la zamani na kulitupa. Kuhamisha kabati na vitanda. Kusawazisha sakafu, ambayo ndiyo yenye kuumiza zaidi kwa sababu haionekani mpaka la zamani litoke. Vipande vya chuma vya kufunika kingo kwenye vizingiti. Kupunguza mlango kwa chini, kwani zulia na sponji vinapandisha sakafu kwa sentimita mbili hivi. Usafiri. Kodi ya mauzo, ambayo duka moja huitaja ndani ya bei na jingine huiongeza kaunta. Omba kila duka likuandikie haya yote, hata penye sifuri waandike sifuri. Sakafu ya zege ikiwa mpya au iko chini ya usawa wa ardhi, bandika karatasi ya plastiki kwa utepe kingo zote uiache usiku mzima. Ukikuta matone kwa chini, unyevu huo unaweza kuliharibu zulia, liwe la 100 au la 1,000.

Dhamana nayo hutumika kupandisha bei. Ile ya "miaka 15 dhidi ya kuchakaa" kwa kawaida inahusu uzi unaopotea, na nyuzi za kisasa hazipotei, hulala. Kulala mara nyingi hakumo. Ngazi huwekwa kando, malipo hupungua kila mwaka unaopita, na wengi hudai risiti za kusafishwa na mafundi. Kati ya zulia la dhamana ya miaka 15 na la miaka 10, tazama msongamano kwanza.

Mwenye chumba kidogo ana njia nyingine ambayo maduka hayaitangazi sana: kipande cha mwisho wa jora. Kikitosha chumba chako chote, unaweza kukipata kwa bei ya chini sana kuliko ya jora zima, na kinaweza pia kushonwa kingo kikawa zulia la kutandika, gharama ya kushona ikihesabiwa kwa urefu wa mzunguko wake. Cha 3 kwa 2 kina mzunguko wa mita 10. Pima kwanza kabla ya kushika mkoba, na ukikuta vipande viwili vinavyofanana unavyotaka kuviunga, geuza uangalie namba ya mchovyo nyuma, ile inayoonyesha vilitiwa rangi kwa mkupuo upi. Zikitofautiana, usivichukue kwa chumba kimoja, maana mwanga wa dirishani utaonyesha rangi mbili.